Mgonjwa Amezidiwa Kidogo

Nyinyi mnaokuja kwangu Lanet kila Jumamosi na bahasha za vyeti kwapani, maswali yenu nayajua kabla hamjavua viatu. Ajenti yupi wa kazi za ng'ambo si mwongo. Mtihani wa Kiingereza una ugumu gani. Koti zito linunuliwe hapa ama kule. Nawajibu, nawapa chai, mnaenda zenu. Lakini liko jambo moja ambalo sijawahi kuwaambia, na nimeamua kuliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitalia, nami sipendi kulia mbele ya wageni.

Kwa asiyenijua, naitwa Rispa Nekesa. Nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja hapa Nakuru kwa miaka kumi na tisa, kisha miaka kumi na mmoja Uingereza katika nyumba ya kutunza wazee. Mgongo ndio ulionistaafisha, kwa kuinua wazungu waliokula siagi tangu utotoni. Na koti, nunueni kule. Makoti ya hapa yametengenezewa baridi ya Molo, na baridi ya Molo ikifika saa nne asubuhi inakuaga kwa heshima. Ya kule haiagi mtu.

Kazi nilifundishwa na Sista Wangui, mkuu wa wodi yetu. Yeye mwenyewe alitoka Molo, mfupi, mwenye sauti ya chini, na kila Jumatatu alikuja na kapu la viazi akatugawia kama dawa, kila mtu na kipimo chake. Alinionyesha jinsi ya kupata mshipa wa mzee aliyekauka: funga mkono kwa kitambaa cha maji moto, piga hadithi kidogo, kisha uingize sindano kabla mshipa haujashtuka. Alitukataza kuongea tukisafisha kidonda. "Nesi mwenye maneno anatema mate kwa kidonda ya mtu," alisema. Kwa hiyo tulifanya kazi kimya, na tulijivunia kimya chetu.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia habari ya simu. Miaka mingi kabla sijafika, akiwa bado wodi ya wanawake, alimpigia mwanamume mmoja aliyekuwa kazini Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, akamwambia moja kwa moja kwamba mkewe amefariki. Yule bwana alirukia pikipiki akashika njia. Hakufika. Wiki hiyo Sista Wangui alipokea maiti mbili za nyumba moja, na watoto watatu wakabaki kwa nyanya yao. Tangu hapo aliapa kwamba kifo hakitapita tena kwenye simu ya wodi yake, na kila nesi mpya alifundishwa utaratibu wake. Kwanza uliza, umekaa? Pili uliza, uko na nani hapo? Kisha useme: mgonjwa wako amezidiwa kidogo, njoo, na usije peke yako. Mengine ataambiwa akifika, akiwa ameketi, na mtu wa kumshika yuko karibu.

Na watu walielewa. Ungesikia mtu akivuta pumzi upande wa pili, halafu aseme, "Sawa, Sista." Hakuna aliyeuliza zaidi. Kuuliza ni kama kumlazimisha nesi avunje kitu ambacho sote tumekubaliana kukibeba taratibu. Mimi nimeyasema maneno hayo mara nyingi mno, kwa watu wa Njoro, wa Gilgil, wa Subukia, hadi ulimi ukawa unayatoa wenyewe.

Sasa niwaambie habari ya baba yangu. Mzee Simiyu alikuwa fundi wa reli. Ndiye aliyemtoa mama Bungoma akamleta Nakuru, nasi tukazaliwa na kulelewa katika nyumba za reli, na hata alipostaafu alikataa kurudi kwao, akasema amezoea kelele. Barua yangu ya kazi ilipotoka Uingereza, mama alikuwa ameshafariki na kifua cha Baba kilikuwa kimeanza kumsumbua. Nilijua atanikataza. Badala yake alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaisoma barua yote kuanzia anwani mpaka sahihi.

"Nenda," akasema. "Ukikaa hapa utazeeka bure ukiniangalia nikikohoa. Lakini skiza, Nekesa. Umefunga macho ya watu wangapi kwa hiyo wodi yenu?"

"Sijahesabu, Baba."

"Yangu utafunga wewe. Sitaki kufungwa macho na mtu hanijui. Ukisikia nimeanza kulemewa, wacha hiyo kazi ya Mzungu uje."

"Nitakuja, Baba."

"Sema tena."

"Nitakuja."

Akakunja barua, akanirudishia, akaomba chai. Hivyo ndivyo nilivyoruhusiwa kuondoka.

Mnisamehe, nitaruka kidogo niwacheke wale wanaofikiri wakishuka kwenye ndege watavishwa joho. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, saa moja asubuhi. Miaka yangu kumi na tisa iliwekwa kando. Mpaka nifaulu mtihani wao wa vitendo nilikuwa msaidizi: kuosha, kulisha, kubadilisha shuka, kusukuma viti vya magurudumu. Wasichana niliowazidi umri maradufu walinionyesha namna ya kutandika kitanda. Nilimeza. Nanyi mtameza, na mkumbuke kwamba kuosha mzee vizuri si kazi ya chini. Anayeiona ya chini hajawahi kuoshwa vibaya.

Siku ya mtihani nilikuta mgonjwa wangu ni sanamu ya plastiki iliyovikwa nywele za bandia. Nikaambiwa nimfunge kidonda. Vijana, nilikifunga kidonda kile kwa ustadi ambao Sista Wangui angeniongezea viazi. Nilinawa, nikakagua jina mkononi, nikafungua vifaa bila kugusa pasipoguswa, nikamaliza bila kutoa neno hata moja. Nikaanguka mtihani. Nilipouliza kosa, mtahini alisema sikumwambia mgonjwa kwamba ninakagua jina lake, wala sikumuuliza kama anaumia.

"Lakini ni sanamu," nikamwambia.

"Hata hivyo," akanijibu.

Kwao, jambo lisilosemwa halikufanyika. Andikeni hilo. Kwa majuma sita nilifanya mazoezi chumbani nikizungumza na mto wa kulalia. Sasa ninanawa mikono. Sasa nakagua jina lako, mpenzi wangu. Je, unaumia? Jirani wa chumba cha pili alidhani nimerukwa na akili. Mara ya pili niliongea na ile plastiki mpaka nikaipa pole kwa kufiwa, nikafaulu.

Basi nikawa nesi kamili tena, mwenye beji na funguo za kabati la dawa. Asubuhi moja, baada ya uji, mwalimu mstaafu aliyeitwa Bi Elsie alikata roho kitini kwake. Binti yake aliishi mbali, mwendo wa masaa matatu kwa gari. Mimi ndiye niliyekuwa na zamu, kwa hiyo nikachukua simu, na ulimi wangu ukashika njia yake ya zamani. Nilimuuliza kama amekaa. Nilimuuliza yuko na nani. Nikamwambia mama yako amezidiwa kidogo, tafadhali njoo, na usije peke yako.

"Asante sana," akasema yule binti. "Mwambie nakuja."

Hivyo sivyo watu wanavyojibu. Lakini alikuwa ameshakata simu, nami nilijipa moyo kwamba atakuwa ameelewa. Alifika adhuhuri na ndara mpya za manyoya, kwa sababu mamake alikuwa akilalamikia miguu baridi. Alipoambiwa, hakulia kwanza. Alinigeukia mimi.

"Uliniambia yuko hai."

"Sikusema hivyo."

"Nimeendesha gari masaa matatu nikimwomba Mungu amponye. Nilikuwa namwombea maiti?"

Malalamiko yaliandikwa. Meneja wetu, mama mmoja mkavu aliyeitwa Joan, alifunga mlango wa ofisi yake akaniambia ningeweza kupoteza kibali cha kazi. Nilimweleza habari ya Olkaria, pikipiki, watoto watatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rispa, hapa unasema amekufa. Si ametuacha, si hali imebadilika. Amekufa. Sema." Nikasema. "Tena." Aliniamuru nirudie mpaka sauti yangu ikaacha kutetemeka, kama mtoto wa nasari anayejifunza irabu. Nikapewa onyo la barua, nikaenda kulia katika chumba cha kufulia kwa sababu mashine zina kelele.

Nilijifunza. Baada ya hapo nilisema neno hilo kwa watu wengi, kwa upole na bila kuzunguka. Lakini nilijifunza kulisema kwa Kiingereza. Kwa lugha ya nyumbani sikuwahi kulijaribu.

Miaka mitano baada ya kuondoka Nakuru, siku ya Alhamisi nikiwa na mapumziko, mdogo wangu Wafula akanipigia. Ndiye aliyekuwa akiishi na Baba. Televisheni ilikuwa imewaka, nami nilikuwa nakunja nguo.

"Sista, uko poa? Umekaa?"

"Nimekaa."

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Si mbaya sana. Baba amezidiwa kidogo, tumemleta hosi. Ukipata off, panga uje."

"Nipe niongee naye."

"Saa hii amelala, Sista."

Nilivuta pumzi. Nikasikia jinsi nilivyovuta pumzi, na nikajitambua: nilikuwa mtu wa upande ule wa pili wa simu. Kila neno lilikuja kwa mpangilio wake, kama vile Sista Wangui alikuwa amesimama nyuma ya Wafula akimwongoza. Umekaa. Uko na nani. Amezidiwa kidogo. Nikajibu kama wote walivyonijibu.

"Sawa, Wafula."

Baba amekufa. Nilikaa sakafuni katikati ya nguo nikalia kwa sababu ya ile ahadi. Mtu mwingine alikuwa ameshafunga yale macho. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikafanya kile mfiwa anachofanya, nikaanza kupanga. Sisi hatuzikani kesho yake. Maiti itakaa mochari, vikao vitafanywa, atapelekwa Bungoma, atazikwa labda Jumamosi ya juma lijalo. Kukimbia kungenisaidia nini? Aliyenihitaji haraka hakuwapo tena.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Joan, "Baba yangu amekufa." Alinikumbatia, mama yule mkavu. Akanipa ruhusa, halafu kwa aibu akaniuliza kama ningeweza kushika zamu za Ijumaa na Jumamosi, kwani wauguzi wawili walikuwa wagonjwa. Nikakubali. Nilishukuru hata, kazi hunituliza. Wazee walioweza kushika kalamu walitia sahihi kadi ya rambirambi, nikaiweka sandukuni. Jumapili nikaenda kununua nguo nyeusi.

Wafula alikuwa akinitumia ujumbe. Umefika wapi na mipango? Fanya haraka kidogo. Mimi nikafikiri ni mambo ya kamati, kifungua mimba anahitajika kwenye vikao. Nikamjibu: Jumanne niko hapo, msiamue kitu bila mimi. Akaandika: Sawa.

Jumanne asubuhi nikatoka uwanja wa ndege Nairobi nimevaa ile nguo nyeusi. Wafula alikuwa akinisubiri kando ya gari la rafiki yake, macho mekundu. Hakunikumbatia. Alinitazama nguo kutoka shingoni mpaka chini.

"Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Baba. Ametuacha alfajiri ya leo, mimi nimejua nikiwa hapa hapa nakungoja. Hatujaambia mtu yeyote. Nilisema nitakwambia nikikuona na macho. Sasa nani amekupigia?"

Nilishika mlango wa gari. "Wewe. Uliniambia Alhamisi."

"Alhamisi nilikuambia amezidiwa."

"Uliniuliza niko na nani."

"Si nilisikia watu wakiongea huko nyuma!"

Ilikuwa televisheni.

"Wafula, si ungeniambia yuko hai?"

"Mtu ako hai, unaanzaje kusema ako hai?" Alikuwa analia sasa, mtu mzima, mbele ya wabeba mizigo. "Na wewe, si ungeuliza?"

Joan alikuwa amenifundisha lile neno mpaka nikalijua. Ningeuliza tu: Wafula, Baba amekufa? Angeshtuka, angenitukana, angesema toka na mdomo wako huo mbaya. Nami ningepanda ndege usiku ule ule wa Alhamisi.

Tulishika njia ya Nakuru, tukapita Kariandusi. Hapo ndipo Wafula aliposema, akitazama dirishani, "Alikuwa anakungoja. Tulidhani wamekunyima ruhusa, hatukutaka kukusukuma zaidi." Nikamwambia ni kweli, walininyima. Huo ndio uongo nilioupata kwa haraka, na ndugu yangu anauamini hadi leo. Akiusoma ukweli hapa, na anisamehe.

Simlaumu Sista Wangui. Nimefikiri sana juu yake, na yule bwana wa Olkaria alikufa kweli. Lakini utaratibu wake ulikuwa wa mtu aliye karibu, mtu ambaye akiambiwa njoo anakuja, awe amekisia vibaya au vizuri. Mtu wa Njoro akikosea kukisia, anakosea kwa saa moja tu. Nyinyi mnakwenda mahali ambapo ukikosea kukisia unapoteza siku tano, na hizo ndizo siku zote zilizokuwa zimebaki. Kwa hiyo kabla ya koti, kabla ya sanduku, ketini na watu wenu nyumbani. Kubalianeni kwamba aliye hai atasemwa yuko hai, na aliyekufa atasemwa amekufa, hata kama neno litawachoma mdomo. Na ukipigiwa simu, uliza. Uliza kwa lugha ya mama yako, kwa sababu ndiyo lugha utakayopigiwa. Wanaokuja kwangu wakiwa bado na wazazi nitawafanyisha mazoezi kama Joan alivyonifanyisha, kabla chai haijapoa.

Nimebakisha kitu kimoja. Baba alilazwa katika wodi yangu ya zamani. Nilipofika nilimkuta bado hajapelekwa mochari. Wauguzi walionijua walikuwa wameomba aachwe kidogo. Macho yake yalikuwa yamefungwa vizuri, mikono imenyooshwa, kidevu kimefungwa kwa bandeji isiyokaza. Kazi safi. Niliuliza nani ameifanya, nikaonyeshwa msichana mmoja mwanafunzi, nikamshukuru. Kisha nikaomba faili, nao wakanipa kwa sababu ni mimi.

Sijui kama mnajua nesi husoma faili namna gani. Hatusomi kama ndugu wa mgonjwa. Tunaenda moja kwa moja kwenye saa. Ijumaa, saa tatu asubuhi: mgonjwa anauliza binti yake amefika wapi, amejibiwa yuko njiani. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni: anauliza binti yake, amejibiwa yuko njiani. Jumapili, saa tisa mchana: mgonjwa amechoka lakini anakataa kufumba macho alale, anasema anamngoja binti yake, amejibiwa yuko njiani.

Nilipokuwa kule nilizoea kuondoa masaa matatu kila nilipofikiria nyumbani, na hata pale kitandani kwake nikaondoa bila kukusudia. Jumapili, saa sita mchana. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cha dukani nikiwa na ile nguo nyeusi mwilini, nikimuuliza muuzaji kama kitambaa chake hukunjamana safarini.